"Gia Boksi Imekufa": Uhakiki wa Hukumu Inayotoka Kabla ya Ushahidi

Kuna sentensi moja ambayo, ukiwa na gari la oto lililokula miaka hapa Dar, utaisikia tu siku moja. Unalipeleka kwa fundi, unamwambia linashtuka likibadili gia. Anakaa kwenye usukani, anazunguka nalo mitaa miwili ya Upanga, anarudi, anafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka wodini, halafu anasema: "Bosi, gia boksi imekufa hii." Kabla hujajibu, ameshakutajia bei ya nyingine.

Makala haya ni uhakiki wa sentensi hiyo. Huku kwetu tumezoea kuhakiki makala za kisayansi, na maswali tunayoyauliza ni yaleyale: hitimisho hili limetokana na ushahidi gani? Maelezo mengine yameondolewaje? Na kama si kweli, tungejuaje? Nadhani sentensi ya fundi inastahili heshima ya kuulizwa hivyo, kwa sababu uzito wake ni mkubwa kuliko makala nyingi za maabara. Kwa dereva wa teksi ya mtandaoni mwenye IST ya mkopo, au mwalimu aliyenunua Vitz kwa akiba ya miaka, sentensi hiyo ni ada ya shule ya mtoto inayoondoka jioni moja.

Sina ugomvi na mafundi. Wengi wana masikio na pua ambazo hakuna chombo cha maabara kinachozifikia kwa bei ile. Ugomvi wangu ni na namna ya kufikiri ambayo sisi wenye magari tunaichochea, na nitaeleza tunavyoichochea.

Kwanza, kinachoshtuka ni nini?

Chukua gari la kawaida la mtaani: Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, yenye gia nne za oto. Watu wengi hudhani ndani ya gia boksi hiyo kuna gia zinazochomoka na kuchomekwa kama za manyuo. Hapana. Meno ya gia zake yanakaa yameshikana muda wote. Kinachobadilika ni nani ameshikwa na nani ameachiwa: pakiti moja ya klachi inalegea, nyingine inabana, na yote hayo yanatakiwa yakamilike ndani ya muda usiozidi sekunde moja hivi.

Pakiti hizo ni pleti za chuma zilizopangwa kwa zamu na pleti zenye karatasi maalumu ya msuguano, zote zikiogelea kwenye oili. Kinachozibana ni presha ya oili hiyohiyo. Pampu inazalisha presha, halafu vali bodi inaigawa. Vali bodi ni kipande cha alumini chenye njia nyembamba zinazokatana kama vichochoro vya Kariakoo. Kwenye njia hizo kuna solenoidi, yaani vali ndogo za umeme, zinazofungua na kufunga kwa amri ya kompyuta.

Sasa kompyuta inajuaje presha gani inafaa? Haina jicho ndani ya klachi. Inakisia. Inasoma umekanyaga mafuta kiasi gani, injini inavuta hewa kiasi gani, na inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ikiona injini inavuta sana, inapandisha presha ili klachi isiteleze. Ikiona unatembea polepole, inashusha presha ili klachi ishike kwa ulaini.

Ukishaelewa hapo, mshtuko unaeleweka. Presha ikiwa kubwa kuliko kazi iliyopo, klachi inabana ghafla na gari linapiga teke. Presha ikiwa ndogo mno, klachi inateleza, injini inapiga kelele bila gari kuongeza mwendo, kisha inashika kwa kishindo. Ndiyo maana magonjwa mawili yaliyo kinyume yanaweza kukupa malalamiko yaleyale.

Mwili wako nao una tabia yake. Hauhisi sana mwendo, wala hausumbuliwi na gari linaloongeza mwendo kwa utaratibu. Unahisi mabadiliko ya ghafla ya uongezaji huo. Umewahi kusimama ndani ya basi la mwendokasi? Linapoongeza mwendo taratibu unasimama vizuri tu. Dereva akigusa breki halafu akaachia ghafla, mnalaliana. Mshtuko wa gia ni jambo hilohilo kwa kiwango kidogo, na chochote kinachoweza kukatisha ghafla nguvu inayofika matairini kinaweza kuleta hisia hiyo.

Kwa hiyo kati ya kanyagio la mafuta na kiti chako kuna mnyororo: sensa, kompyuta, nyaya, solenoidi, vali, oili, klachi, na raba zinazoshikilia injini. Sentensi "gia boksi imekufa" imechagua sehemu moja ya mnyororo huo, ile ya bei kubwa kuliko zote, kabla ya kuzikagua nyingine.

Somo lililo jirani, pale Muhimbili

Upanga ndiko kulikojengwa Hospitali ya Taifa Muhimbili na chuo kikuu cha afya kilicho pembeni yake, kwa hiyo ruhusu mfano wa kitabibu. Kwa miaka mingi nchini, homa ya mtoto ilikuwa na jina moja: malaria. Mtoto anachemka, anapewa dawa ya malaria, basi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Mwaka 2014, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ambapo watoto 1,005 waliofika na homa walichunguzwa kwa kina. Waliokutwa na malaria walikuwa takriban mmoja tu kati ya kumi. Wengi zaidi walikuwa na maambukizi ya virusi.

Waliokuwa wakitoa dawa bila kupima hawakuwa wajinga. Malaria ipo, inaua, na dalili zinafanana. Kosa lilikuwa kuichukulia dalili moja yenye sababu nyingi kana kwamba ina sababu moja. Mshtuko wa gia ni homa ya gari: unakuambia kuna tatizo, haukuambii tatizo ni lipi.

Washukiwa wasioitwa mahakamani

Tuanze na zile raba, ambazo gereji zinaitwa mauntingi. Injini na gia boksi vimefungwa kwenye bodi ya gari kupitia vipande vya raba. Raba huzeeka kwa joto na oili, hukauka, hupasuka. Raba ikikatika, kila gia inaposhika, injini nzima inaruka na kugonga. Klachi imeshika kwa ulaini kabisa, ila wewe unasikia "kpaa!" na unaanza kuhesabu fedha. Kupima kwake hakuhitaji mashine: boneti wazi, breki ya mkono juu, mtu anakanyaga breki kwa nguvu na kuhamisha gia kutoka R kwenda D na kurudi. Mwingine anatazama akiwa pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikicheza kidogo, sawa. Ikiruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, umepata mshukiwa mzito, na mauntingi ni bei ndogo sana ukilinganisha na gia boksi.

Mshukiwa wa pili ni injini yenyewe. Throto ikijaa uchafu, au hewa ikiwa inavuja mahali, injini inaweza kuzunguka kwa kasi kuliko inavyotakiwa gari likiwa limesimama. Ukiweka D wakati huo, gia inapokea nguvu zaidi ya ile iliyopangiwa, na gari linashtuka. Sensa ya hewa ikichafuka, inadanganya kompyuta kuhusu mzigo, na kompyuta inapanga presha kwa takwimu za uongo. Plagi au koili iliyochoka huifanya injini ikose pigo moja moja, na gari hutetemeka kwenye kilima kama lile lenye klachi inayoteleza. Gia boksi hapo ni shahidi tu, lakini ndiyo inayofungwa.

Mshukiwa wa tatu ni kiasi cha oili. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, gia zinazozunguka zinaichapa mpaka inatoa povu, na povu lina hewa vilevile. Hewa inabanika, oili haibaniki. Klachi iliyosubiri presha kamili inapata presha inayoyumba. Kuna jambo dogo ambalo watu hulikosea: kwenye Toyota nyingi zenye stiki, oili ya gia boksi hupimwa ikiwa ya moto, nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, injini ikiwa inaunguruma, baada ya kupitisha gia kwenye nafasi zote. Ukipima ya baridi asubuhi na kusoma alama ya moto, utaongeza oili isiyohitajika. Honda nyingi zina utaratibu tofauti, hupimwa injini ikiwa imezimwa. Na magari mengi ya baadaye hayana stiki kabisa. Fungua kitabu cha gari lako kabla ya kuamini mkono wa mtu yeyote.

"Mashine imesema"

Siku hizi hukumu ina wakili mpya: kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuongea na simu. Marekani ililazimisha soketi ya aina moja, OBD-II, kwenye magari yote madogo mapya kuanzia mwaka 1996, na magari ya Kijapani ya miaka ya 2000 tunayoendesha nayo wengi wao wana soketi yenye umbo hilohilo. Kifaa kinatoa kodi, fundi anakuonyesha skrini: P0700. "Unaona? Gia boksi. Mashine imesema."

Mashine imesema kitu kidogo sana. P0700 maana yake ni kwamba mfumo wa kudhibiti gia umegundua hitilafu na umeomba taa iwake. Ni sawa na muuguzi wa mapokezi kukuambia, "Kuna mgonjwa chumba namba saba." Ni lazima usome kodi za pili zilizo nyuma yake: P0750 inahusu solenoidi A ya kubadilishia gia, P0715 inahusu sensa ya mzunguko wa shafti inayoingia, P0741 inahusu klachi iliyo ndani ya toki konveta. Skana za bei nafuu mara nyingi hazizifikii kodi hizo kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani.

Hata P0750 haijasema "badilisha gia boksi". Imesema kuna tatizo kwenye mzunguko wa umeme wa solenoidi hiyo. Inaweza kuwa solenoidi, waya uliotafunwa na panya, au plagi ya waya iliyoingia maji. Hapo kinachohitajika ni mita ya umeme. Kwenye Toyota nyingi za kizazi hicho, solenoidi za kubadilishia gia huwa na ukinzani wa ohmu 11 hadi 15 kwenye nyuzi 20. Zingatia hiyo nyuzi 20. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Solenoidi yenye ohmu 14 ikiwa ya baridi itasoma zaidi ya 17 ikiwa kwenye nyuzi 80, na fundi anayelinganisha na jedwali bila kupima joto ataitupa ikiwa nzima.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Kompyuta ikipoteza imani na sensa au solenoidi, inaweza kujitoa: inakata umeme wa solenoidi, gari linabaki na gia moja au mbili, na presha inaachwa ipande juu kabisa. Teke unalolisikia hapo limekusudiwa na wahandisi. Klachi inayobanwa kwa nguvu kupita kiasi inakukera, lakini inayoteleza inaungua. Gari linajilinda, na sisi tunalitangaza maiti.

"Usiguse oili, ukibadilisha tu inakufa"

Hii ni hukumu ya pili kwa umaarufu, na utaisikia kuanzia Gerezani hadi Ilala. Hoja yake ni ushuhuda: "Jamaa yangu alibadilisha oili, wiki mbili tu gia boksi ikafa." Simkatalii. Ilitokea. Swali ni moja tu: kwa nini jamaa alibadilisha oili wakati ule, baada ya miaka yote ya kutoigusa? Kwa sababu gari lilishaanza kushtuka. Watu wengi hawabadilishi oili ya gia boksi mpaka waone dalili. Kwa hiyo magari yanayobadilishiwa oili ni yale yaliyokwisha kuugua, na baadhi yangekufa vyovyote vile. Kwa mantiki hiyohiyo ungesema wodi ya wagonjwa mahututi inaua, maana wanaolazwa pale hufa zaidi ya walioko nyumbani.

Lakini tusidharau punje ya ukweli iliyomo. Oili ya gia boksi haifanyi kazi ya kulainisha tu. Inapanga pia namna klachi inavyoshika. Pleti mbili zinapokaribia kutulia, msuguano wake una tabia ya kupanda ghafla, na kupanda huko ndiko kunakoleta teke mwishoni mwa gia. Viungo maalumu kwenye oili huulainisha mpando huo. Viungo hivyo vikichoka, gia zinakuwa kali au gari linatetemeka. Ukiweka oili yenye viungo vya aina nyingine, unabadilisha hesabu ambayo kompyuta haijui kwamba imebadilika.

Historia ina mfano mzuri. Kwa miongo kadhaa oili za gia za Marekani zilitegemea mafuta ya nyangumi kama kiungo cha kurekebisha msuguano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sheria za kulinda viumbe hao zilifunga mlango huo, na kampuni zikalazimika kutunga oili upya. Fikiria: ulaini wa gia kwenye barabara za Detroit ulitegemea mnyama wa baharini.

Hapa kwetu tatizo lina sura yake. Dukani unaomba "haidroliki", unapewa oili nyekundu. Wekundu ni rangi tu, haukuambii ndani kuna nini. Gia boksi iliyoandikiwa T-IV, iliyoandikiwa WS, na ya CVT ni wateja watatu tofauti. CVT haina hata gia za kawaida. Ina mkanda wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili, na mkanda huo unahitaji oili inayoupa mshiko. IST nyingi za kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2007, zina CVT. Magari mawili yenye jina moja na umbo linalokaribiana, kila moja na oili yake. Ukimwambia muuzaji "ya IST" bila kusema ya mwaka gani, umeshacheza bahati nasibu.

Pia kuna namna ya kubadilisha. Ukifungua nati ya chini, sehemu kubwa ya oili hubaki kwenye toki konveta. Tuseme kila ukimwaga unatoa asilimia 40. Mara ya kwanza oili mpya ni asilimia 40. Ukirudia baada ya siku kadhaa inafika 64. Mara ya tatu, takriban 78. Njia hiyo ya polepole inakupa nafasi ya kutazama gari linavyojibu, tofauti na kusukuma oili yote kwa presha na kutibua uchafu uliotulia miaka mingi.

Na ukiimwaga, itazame, usiitupe tu. Nyekundu au kahawia nyepesi, bado ina maisha. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, karatasi za klachi zimepikwa. Ya waridi yenye maziwamaziwa, kuna maji. Maji huingia pale kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kinapotoboka, au gari linapopita kwenye mafuriko. Ambaye amewahi kulazimisha kuvuka Jangwani mto Msimbazi ukiwa umefurika anajua nasema nini. Maji hulegeza gundi inayoshika karatasi za msuguano, na hapo kuchelewa ni gharama.

Joto nalo ni muuaji wa kimyakimya. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: kila joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya oili kuharibika kwa oksijeni huwa karibu mara mbili. Sasa fikiria gari kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro saa nane mchana, gia kwenye D, mguu kwenye breki, toki konveta ikichuruza oili na kuigeuza joto. Anayetakiwa kuipoza ni rejeta. Na rejeta yenyewe imejazwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, njia zake zimeziba kwa kutu. Gia boksi ikifa hapo, chanzo kilikuwa kwenye maji ya rejeta.

"Lakini nilibadilisha, ikapona!"

Huu ndio utetezi wenye nguvu kuliko wote, na ndio unaohitaji jicho la mtafiti. Ulilipa, ukawekewa gia boksi ya mtumba kutoka Japani, gari likawa laini kama hariri. Je, haijathibitika kwamba ile ya kwanza ilikuwa imekufa?

Hesabu vitu vilivyobadilika siku ile. Gia boksi, ndiyo. Lakini pia oili yote mpya. Mara nyingi na mauntingi, kwa kuwa zilishafunguliwa. Plagi za waya zimechomolewa, zimesafishwa, zimerudishwa. Betri imetolewa, kumbukumbu ya kompyuta imefutwa. Umebadilisha vitu vitano kwa mkupuo, ukampa sifa mmoja. Mwanafunzi akiniletea jaribio la namna hiyo maabara, namrudisha alifanye upya.

Halafu hiyo gia boksi mpya kwako si mpya. Imetoka kwenye gari la umri uleule, lenye historia usiyoijua. Kitakwimu umechota sampuli nyingine kutoka kwenye kundi lilelile la wazee. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbovu kuliko yako. Na kama chanzo kilikuwa rejeta iliyoziba, sampuli hiyo nayo inaanza kupikwa siku ileile. Kuna swali ambalo wateja wachache huliuliza: ile iliyokufa inakwenda wapi? Iombe. Ikifunguliwa mbele yako ukaona klachi zilizoungua, hukumu ilikuwa ya haki na utalala vizuri.

Kwa nini basi hukumu hii haifi?

Kwa sababu sisi tunailipia. Fikiria hesabu za fundi wa chini ya mwarobaini. Akitumia saa tatu kupima mauntingi, kusoma oili ya moto, kushika mita ya umeme, halafu akakuambia tatizo ni throto chafu, utampa shilingi ngapi? Wengi watampa "ya soda" na kulalamika kwamba amewapotezea muda. Akikuambia gia boksi imekufa, analipwa kazi ya kushusha na kupandisha, na pengine dukani Kariakoo anapata chochote kwa kumleta mteja. Tumeweka bei kwenye chuma, hatukuweka bei kwenye kufikiri. Kisha tunashangaa tunapata chuma kingi na fikra chache.

Umri wa magari yetu unaongeza uzito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania imechagua kulitoza kodi zaidi gari kuukuu badala ya kulizuia, kwa hiyo barabara zetu zina magari ya miaka 15 na 20 ambayo kila raba, kila sensa na kila tone la oili limezeeka pamoja. Kwenye gari la namna hiyo, mshtuko wa gia una sababu nyingi zinazowezekana kuliko kwenye gari la miaka mitatu. Mahali ambapo uchunguzi unahitajika zaidi ndipo unaporukwa zaidi.

Wakati ambapo fundi yuko sahihi

Haki bin haki: kuna siku gia boksi imekufa kweli. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua. Injini inapaa bila gari kusogea, iwe baridi au moto. Sampo ikishushwa, sumaku iliyo ndani ina vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole. Tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande si vya kawaida. Gia ya nyuma imegoma kabisa ilhali kiasi cha oili ni sahihi. Dalili hizo zikikutana, usipoteze fedha kwenye chupa za dawa za miujiza. Kinachoitofautisha hukumu hii na ile ya mwanzo ni kwamba hapa kuna vitu vya kuonyeshwa.

Unaingiaje gereji kesho?

Kwanza nenda na maelezo yanayosaidia. "Linashtuka" halitoshi. Andika kwenye simu kwa siku tatu: linashtuka likiwa baridi au moto? Unapoweka D, au linapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, au unapopunguza mwendo kusimama? Lilianza baada ya nini: mvua, kubadilishwa oili, kutolewa betri? Kompyuta za baadhi ya magari hujifunza tabia ya klachi, na zikifutwa kumbukumbu huwa kali kwa muda kabla ya kutulia.

Pili, kubaliana na fundi bei ya uchunguzi peke yake, kabla hajagusa boneti, na mwambie utailipa hata akikuta tatizo la shilingi elfu kumi. Sema hivyo kwa sauti. Utashangaa jinsi mazungumzo yanavyobadilika.

Tatu, akisema imekufa, muulize kwa adabu maswali matatu. Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Umeondoaje mauntingi, oili na injini? Na ni kitu gani ungekikuta ambacho kingekufanya ubadili mawazo? Fundi mzuri hatakasirika. Atakuonyesha kidole chenye oili, skrini yenye kodi zote, raba iliyopasuka. Asiyekuwa na jibu la swali la tatu bado hajapima. Ameanza na bei. Lipa ulichokunywa chai nacho, mshukuru, na uwashe gari. Kama linatembea na halitelezi, litakufikisha kwa fundi mwingine.